Kilemba Kimoja, Milango Mitatu

Sogeeni karibu, hadithi ninayo, lakini mwisho wake nitawaachia nyinyi. Mimi umenishinda.

Siku hizi ukitaka kukodi duka penye wateja, mwenyewe anakudai kilemba, nawe unatoa fedha. Neno limebaki, nguo imekwenda zake. Zamani kilemba kilikuwa kilemba kweli: mwanafunzi akihitimu ufundi, anamvika fundi wake kitambaa kipya. Na katika mji wa Pambajeni, aliyevikwa aligeuka mzazi. Yeye ndiye atakayekuoza, nawe ndiye utakayemzika.

Mjini humo alifika Makame, mgeni asiye na baba, mama wala shangazi, akitaka kujifunza kupika halua. Kila mpishi alimuuliza, "Wewe wa nani?" Akaondoka kwenda kwa mwingine.

Mzee Shee ndiye aliyempokea. Mikono yake ilitetemeka, mwiko haushiki tena, na wanawe walikwenda ng'ambo wakamsahau. Akamwambia, "Wakikuuliza, sema wewe ni wangu." Hakumfundisha hata kupima sukari, lakini bila yeye Makame angerudi alikotoka, na alikotoka hakukuwa na mtu.

Badi, mkorogaji wa Mzee Shee, ndiye aliyemfundisha. Huyo hakuoa, na maneno kwake yalikuwa adimu. Alisimama nyuma ya Makame, akamshika mkono, wakakoroga pamoja mpaka mkono ukajua wenyewe ni lini wanga unataka kushika chini.

Bi Kauthari, jirani yao, mjane wa mpishi wa halua, hakujua kukoroga. Kilichojua ni ulimi wake. Watu walimvika Makame kilemba cha ukoka, wakasifu hata halua iliyoungua. Yeye alionja kila sufuria akasema, "Mwaga." Hata siku moja akaonja, machozi yakamtoka. "Hii wape watu," akasema. "Ni kama ya marehemu."

Makame akahitimu, akanunua kilemba kimoja, kama desturi inavyotaka. Alipofikiria kukikata vipande, Mzee Shee alimzuia. "Kilemba kikikatwa ni matambara ya kufutia sufuria."

"Basi nimvike nani, mzee?"

"Usiniulize mimi. Nitajipendelea."

Badi naye alisema, "Unipe, usinipe, kesho tunakoroga." Lakini hakumtazama usoni.

Bi Kauthari hakuzunguka. "Mimi nakitaka, mwanangu. Kichwani sitakivaa, nitajitanda mabegani. Nimechoka kunywa kahawa peke yangu."

Ijumaa, baada ya alasiri, Makame alisimama kichochoroni na kilemba mkononi. Milango ya wote watatu ilikuwa wazi. Kila kibaraza kimefagiliwa, na kila kimoja kimewekwa vikombe viwili.

Haya, jamaa zangu, kahawa inapoa. Ungekuwa wewe Makame, ungeketi kwenye kibaraza cha nani? Na wale wawili waliobaki, nani atawaambia waondoe kikombe cha pili?