Mlango Aliouhamisha Bupe

Wahenga waliposema nyumba njema si mlango, hawakuwa wakiwatukana maseremala. Walikuwa wakituonya sisi tunaosimama barazani, tukatazama bawaba na komeo, kisha tukaondoka tukijisifu kwamba tumeiona nyumba. Bupe alikuwa mmoja wetu, tena wa mstari wa mbele.

Mwaka 2004, Bupe alikuwa mchoraji wa ramani za majengo katika ofisi moja ya mji wa Saint Louis Park, ughaibuni. Alitoka Tanzania kwenda kusoma, akasoma akahitimu, na sasa kibali chake cha kuishi kule kilitegemea kazi ile. Bosi wake, Bi Susan, alimkabidhi ramani ya hekalu la Wahindu lililokuwa likijengwa katika mji jirani wa Blaine, akamwambia bila kumung'unya maneno, "Kazi hii ndiyo itakayoniambia kama nikuajiri moja kwa moja au tuagane mwezi wa sita."

Mchoro uliotoka India ulionyesha mlango mkuu upande wa mashariki, na milango mingine yote imefuatana nao kwa mstari mmoja hadi chumba cha ndani kabisa. Bupe akacheka. Nani, katika nchi ambayo upepo wa Januari unakata masikio, anaifungulia baridi njia iliyonyooka hivyo? Akauhamisha mlango mkuu pembeni hatua nne, ili anayeingia akate kona na upepo ubaki nje. Akatia sahihi yake bila kumuuliza mtu. Bi Susan akaupitisha mchoro, na zege la ukumbi wa mbele likapangiwa kumwagwa Ijumaa.

Alhamisi asubuhi Bupe akaenda Blaine kukagua. Ndani ya kuta ambazo bado hazina paa, alimkuta mzee wa Kihindi, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, ndala juu ya soksi, akipima sakafu kwa kamba yenye mafundo. Akaambiwa ndiye fundi mkuu, Kanji, aliyewasili juzi kutoka Gujarat, India. Bupe akampa kisogo, akampigia simu shoga yake Velma, muuguzi Mkenya aliyeishi New Hope.

"Velma, njoo uone vituko! Wamemleta babu apime hekalu kwa kamba. Ndala na soksi, jamani! Huyu hata banda la kuku hawezi kujenga."

"Wee Bupe, chunga mdomo," Velma akasema. "Na akisikia?"

"Asikie nini? Kiswahili atakijulia wapi?"

Alipokata simu, mzee alikuwa nyuma yake, anakunja kamba.

"Banda la kuku nimejenga, binti," akasema taratibu, kwa Kiswahili. "Ngamiani, Tanga. Kuku walikuwa wa mke wangu. Miaka tisa nilikaa kule nikichonga mawe ya hekalu."

Lo! Bupe alitamani ardhi ipasuke immeze. "Shikamoo, mzee," akasema, kwa sauti ya kuibia.

"Marahaba. Mimi umenitazama mlangoni. Haya, twende ndani."

Akamwongoza hadi chumba cha ndani kabisa, kidogo, kuta nene, hakina dirisha hata moja. "Hapa ndipo itakapokaa sanamu ya Mungu wetu. Simama, utazame mashariki. Unaona nini?"

Bupe akatazama. Milango ilifuatana vizuri, na mwishoni, pale palipotakiwa mlango mkuu, zilisimama mbao za waashi zikingoja zege.

"Ukuta," akasema. Kisha akaongeza, "Wangu."

"Mama yangu miguu ilimwisha nguvu uzeeni. Tulikuwa tukimkalisha barabarani, nje ya hekalu, na kutoka pale alimwona Mungu, naye Mungu akamwona. Na alfajiri jua huingia lenyewe kwa njia hiyohiyo. Wewe, binti, umemfungia nje mama yangu." Mzee akashusha pumzi. "Lakini mimi ni mgeni. Karatasi yenye sahihi inanishinda nguvu, na sahihi ni yako."

Bupe akafikiria mwezi wa sita. Aliogopa, tena sana. Hata hivyo akabonyeza namba.

"Bi Susan, simamisha zege. Nimekosea, na kosa lenyewe ni kwamba sikumuuliza mtu."

"Unajua unachoniambia?"

"Najua."

"Basi usiondoke. Nakuja."

Walipokuwa wakimngoja, Bupe alichora juu ya kipande cha ubao: milango miwili ya kioo katika mstari uleule wa kale, imeachana hatua sita, mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Mzee Kanji akautazama mchoro ule. "Upepo wa huku siujui," akasema. "Wewe unaujua. Hapo sawa."

Bi Susan alipofika, alisimama katika chumba kile, akatazama mashariki, akautazama na ubao. "Uchore upya leo hii," akasema. "Na kesho asubuhi uje ofisini tuandike barua ya ajira. Mtu anayeweza kunipigia simu ya namna ile namhitaji."

Siku ya ufunguzi, mwaka uliofuata, Bupe alimwalika Velma. Nje, kwenye kiti cha magurudumu, bibi mmoja alikuwa amekutanisha viganja, anatazama moja kwa moja ndani kupitia vioo, machozi yakimtiririka. Velma akaziona ndala zilizoachwa mlangoni kati ya viatu vya watu, akamfinya Bupe kwa utani. Bupe hakucheka. Alivua viatu vyake, akaviweka kando ya ndala zile, akaingia. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.