Njugu za Wifi Nyamizi

"Geuza kabla hujafumua." Mlinisikia asubuhi nikimwambia Shija maneno hayo, alipokuwa akimfungashia dada wa kazi nguo zake eti kwa sababu kopo la sukari halionekani. Mkacheka, mkadhani bibi anazungumza habari za vitambaa. Ni kweli ni habari za vitambaa, lakini si hizo tu. Kaeni niwaambie methali hii ilikotoka.

Zamani kidogo, huko Unyamwezi, katika kijiji cha Itundu, palikuwa na mke kijana aitwaye Kalunde. Aliolewa na Mihayo, na nyumbani kwa Mihayo akamkuta wifi yake mkubwa, Nyamizi, mjane aliyekuwa amerudi kwao. Nyamizi alikuwa mtu wa maneno machache na uso mkavu. Kabla ya ndoa alikuwa amempigia chapuo msichana mwingine, na habari hiyo Kalunde aliipata wiki ya kwanza tu, maana majirani hawana dogo. Tangu hapo kila neno la Nyamizi alilipima mara mbili. Akiambiwa "umeamkaje," alijiuliza kwa nini ameulizwa.

Sasa, kijiji kizima hakuna aliyefuma kama Nyamizi. Wengine walifuma vitambaa vya makochi vya maua bapa, hivi mnavyovijua. Vya Nyamizi vilikuwa na vinundu vilivyotokeza, vimepangwa safu kwa safu, ukipitisha kiganja unadhani umegusa njugu mawe zilizoanikwa. Vikaitwa vitambaa vya njugu.

Kalunde alivitaka, na alikuwa na sababu. Mama yake, katika ugonjwa wake wa mwisho, alimshika mkono akamwambia, "Mwashi akiolewa, umtandikie wewe." Mwashi ndiye mdogo wake wa pekee. Na siku ya kutandika kwao haikuwa mchezo. Kabla bibi harusi hajaondoka, mama yake hutandaza mbele ya wanawake vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake mwenyewe, si vya kununua wala vya kuazima. Asiye na mama hutandikiwa na dada yake. Asiyetandikiwa na mtu huondoka akiimbiwa kwamba hana kwao. Harusi ya Mwashi ilikuwa imebakiza wiki sita.

Basi Kalunde akameza mate, akaenda kumwomba wifi yake amfundishe. Nyamizi akajibu papo hapo, "Lete uzi." Mtu mwingine angefurahi. Kalunde alirudi chumbani akijiuliza: mbona amekubali upesi hivi?

Katika nyumba ile mke wa kuja hakukaa bega kwa bega na wifi yake mkubwa. Alikaa mbele yake, wakitazamana, ndiyo adabu. Nyamizi akaketi kwenye kigoda, Kalunde mkekani, na somo likaanza.

"Zungusha uzi, chomeka kroshia, vuta, lakini usimalizie," alisema Nyamizi. "Rudia hapo hapo mara tano. Unaona vitanzi vimejaa kwenye kroshia? Vuta uzi upite vyote kwa mara moja, ukaze. Fuma vitatu vya kawaida, halafu njugu nyingine. Mstari ukiisha, geuza, urudi na mstari wa kawaida."

Kalunde, kutoka pale alipoketi, aliziona njugu kwa macho yake zikichomoza moja moja kwenye kitambaa cha wifi yake. Akashukuru, akaondoka.

Alipojaribu peke yake, njugu hazikutoka. Alizungusha, alichomeka, alirudia mara tano, alikaza mpaka kidole kikauma. Mbele yake aliona vishimo tu na uzi uliokunjamana. Vidole vya mkono wa kushoto, vilivyoshika kitambaa kwa nyuma, vilihisi uvimbe, naye akadhani ni uzi uliojikusanya kwa ubovu wa kazi. Akafika njugu ya nne, akafumua. Akaanza upya, akafika ya sita, akafumua. Kitambaa cha kochi ni kipana, mstari mmoja una njugu ishirini, na Kalunde hakuwahi kuufikia mwisho wake.

Akarudi kuuliza. "Wifi, mbona kwangu hazitoki?"

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Umefika mwisho wa mstari?"

"Bado."

"Fika," akasema Nyamizi, akaendelea kupepeta mchele.

Jibu hilo Kalunde alilala nalo na kuamka nalo. Kitambaa hakukionyesha, kwa kuwa wanawake wa Itundu hawakuonyeshana kazi isiyokwisha nje ya somo. Walisema jicho la mtu huiharibu. Nyamizi naye, kila Kalunde alipoingia, alifunika ufumaji wake kwa kanga. Ilikuwa desturi ileile moja. Lakini ya kwake Kalunde aliiita desturi, na ya Nyamizi akaiita ushahidi. Akaanza kumchungulia kwa upenyo wa dirisha, akihesabu mizungusho ya mkono. Alihesabu tano. Akaamini ya sita hufanyika yeye Kalunde akigeuza uso.

Wiki ya tatu, kisimani, akamwambia shoga yake Tatu, "Wifi yangu kanipa somo nusu. Kuna kitu kakitoa katikati."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akajibu Tatu, akajitwisha ndoo yake.

Neno lilitoka kisimani likafika mashine ya kusaga, na huko likavishwa nguo nyingine: Nyamizi kamfunga mke wa kaka yake mikono kwa dawa. Mnajua neno hilo linaweza kumfanyia nini mjane. Watoto wakakatazwa kupokea chakula kwake. Mama mmoja akamrudishia kitambaa alichokwisha kukipenda. Kalunde aliyasikia yote hayo, akajua si alivyosema yeye, na hakukanusha. Hapo ndipo alipokosea zaidi, kuliko kwenye kroshia.

Zilipobaki siku kumi, uzi wake ulikuwa umechakaa kwa kufumuliwa, umeingia weusi wa jasho, na hakuwa na kitambaa hata kimoja. Akatoka na kile alichokuwa anakifuma, machozi yanamtoka, akamfuata Nyamizi uani.

"Wifi, nimekukosea nini? Kama hunipendi, niambie. Lakini usimwadhibu Mwashi. Yule ni yatima."

Nyamizi akaweka ungo chini. "Nipe hicho."

"Hakijaisha."

"Nipe."

Akakipokea, akakitazama kidogo, kisha akamrudishia akiwa amekigeuza. Njugu sita zilikuwa zimesimama pale, nene, zimejipanga. Kalunde akazipapasa moja moja asiamini.

"Lakini ulipofuma wewe niliziona!"

"Ulikuwa umekaa mbele yangu," akasema Nyamizi. "Njugu hutokea upande wa pili, mfumaji hazioni mpaka ageuze. Nilikwambia fika mwisho, ugeuze. Umefumua mara ngapi?"

"Kila siku, wifi. Wiki nne nzima."

Nyamizi akaokota ungo wake. "Ya mashineni nami nimeyasikia. Ni kweli, sikutaka uolewe hapa. Ungeniuliza, ningekujibu hivyohivyo. Lakini kroshia nilikufundisha yote, sikubakiza. Geuza kabla hujafumua, Kalunde. Uzi huo utaufuma tena. Mimi niliyefumuliwa kijijini, utanifuma na nini?"

Kalunde aliona aibu mpaka akashindwa kunyanyua macho.

Siku ya kutandika, wanawake walijaa nyumbani kwa kina Mwashi, wa Itundu na wa upande wa bwana harusi. Desturi ilitaka vitambaa sita. Kalunde alikuja na viwili, na kimoja kilikuwa na weusi pembeni. Nyamizi alikuja pia, akakaa karibu na mlango, na waliokuwa jirani yake wakasogea mbali naye.

Kalunde akavitandaza vyote viwili kifudifudi, upande wa nyuma ukiwa juu. Watu wakaona vishimo na uzi uliokunjamana. Minong'ono ikaanza, mtu akaguna, na Mwashi akainamisha kichwa.

"Tazameni vizuri," akasema Kalunde. "Hiki ndicho nilichokiona mimi kwa wiki nne. Nilipokiona nikasema wifi yangu kaninyima ujuzi. Nyinyi mkasema kanifunga mikono, nami nikawaacha mseme."

Akainama, akavigeuza. Njugu zikajaa mkeka mzima.

"Nilimsingizia. Yeye aliniambia geuza, mimi nikafumua."

Bibi mmoja mzee wa upande wa bwana harusi ndiye aliyeanza vigelegele, na wengine wakampokea. Mwashi aliondoka na vitambaa viwili, na hakuna aliyemwimbia kwamba hana kwao. Wale waliokuwa wamesogea wakarudi walipokuwa, mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta kivuli.

Kesho yake Nyamizi alipotoka na kroshia yake, hakuchukua kigoda. Alikaa mkekani, akajisogeza akaacha nafasi ubavuni kwake, akasema, "Njoo ukae huku, uone ninachoona mimi." Kalunde akakaa.

Haya, Shija, acha kunitazama. Hizo nguo za mtoto wa watu zitoe kwenye mfuko, kisha nenda ukalisogeze lile debe la unga, utazame nyuma yake. Geuza kabla hujafumua.