Mwanamke wa Kwenye Kikombe

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Leo sina kisa cha kuwachekesha. Nina kesi, na kesi yenyewe haina hakimu, kwa hiyo hakimu mtakuwa nyinyi.

Palikuwa na watu watatu pale Muheza, katika nyumba moja nyuma ya soko la machungwa. Wa kwanza ni Mashavu, aliyejaliwa kuamua. Jambo ambalo wenzake walizunguka nalo wiki nzima, yeye alilimaliza asubuhi moja na halikuzungumzwa tena. Wa pili ni mumewe, Hemedi, fundi cherehani, aliyejaliwa maneno. Watu walimpelekea hata nguo ambazo hazijachanika, ilimradi wapate sababu ya kukaa barazani kwake wamsikilize. Wa tatu ni Zamda, mdogo wake Mashavu, tumbo moja. Huyu hakujaliwa kuamua wala kusema. Alijaliwa mikono. Mtoto aliyelia nyumba nzima ikashindwa, akipokewa na Zamda alinyamaza. Kesi hii inamhusu Zamda zaidi, kwa hiyo tutakaa upande wake, lakini msimpendelee kwa sababu hiyo.

Mashavu na Hemedi walikuwa na mtoto mmoja tu, Hidaya. Mtoto alipotimiza miaka mitatu, mama yake alirudi kutoka hospitali na karatasi ambayo kwa siku mbili hakumwonyesha mtu. Siku ya tatu aliiweka mkekani mbele ya mumewe na mdogo wake. Ugonjwa ulikuwa kwenye ini. Dawa zipo, daktari alimwambia, lakini alizitaja akiwa anatazama dirishani.

Kabla hawajapata la kusema, Mashavu akasema, "Nataka tumpeleke Hidaya Bustani ya Nyota."

Bustani ya Nyota ilikuwa Dar es Salaam, mahali pa michezo ya watoto. Kulikuwa na treni ndogo, farasi wa plastiki wanaopanda na kushuka, gurudumu refu kuliko mnazi, na vikombe vikubwa vya rangi ambavyo watu huketi ndani yake vikawazungusha mpaka wakasahau walikotoka. Mtoto yeyote wa Muheza aliyefika Dar alirudi akiisimulia.

"Miaka mitatu?" Hemedi akasema. "Mtoto wa miaka mitatu unampeleka akaone nini? Atalala begani. Kesho yake umuulize, hajui hata alikwenda wapi. Tungoje afike saba, Mashavu. Akiwa na saba anatembea mwenyewe, anapanda kila kitu, na akirudi anakumbuka. Tutakwenda akiwa na saba. Sote."

"Sote," Mashavu akarudia.

"Sote."

Zamda alimtazama shemeji yake akaelewa. Hemedi hakuwa akihesabu miaka ya mtoto, alikuwa akimhesabia mkewe. Kukubali safari ya sasa hivi kulikuwa sawa na kuitia saini ile karatasi iliyokuwa mkekani.

Mashavu akamgeukia mdogo wake. "Na wewe unasemaje?"

Zamda angeweza kunyamaza, kama kawaida yake. Lakini siku hiyo alisema. "Shemeji anasema kweli, dada. Bado mdogo mno. Hatakumbuka."

"Hatakumbuka yeye. Nitakumbuka mimi." Kisha, kwa sauti ile ile, bila hasira, akaongeza, "Lakini wewe hujazaa, Zamda. Huwezi kujua."

Neno lile halikumwacha Zamda. Alikwenda nalo jikoni, akalala nalo, akaamka nalo.

Jumamosi iliyofuata walikwenda, kwa sababu Mashavu alikwisha kuamua. Zamda alibeba mfuko wa dawa na chupa ya uji. Langoni kwenye vikombe palikuwa na ubao uliochorwa twiga, na mtoto asiyefika kifuani kwa twiga haruhusiwi kupanda. Hidaya alifika magotini. Wakampandisha treni ndogo. Treni ilipopiga honi mtoto akalia, na ikabidi isimamishwe ashushwe. Kwenye farasi hakutaka hata kuguswa. Saa sita alikuwa amelala begani kwa baba yake, mdomo wazi, kama Hemedi alivyosema.

Mashavu alikaa kwenye benchi lililotazamana na vikombe. Alikaa pale saa mbili akitazama watoto wa wenzake wakizunguka.

"Dada, twende kivulini," Zamda akamwambia.

"Niache."

Kwenye basi la kurudi alisema, "Imekuwa siku nzuri." Baada ya miezi minne walimzika.

Zamda akahamia chumba cha mtoto. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Alimwogesha Hidaya, akamsuka, akakesha naye kwa surua, akamfundisha kufunga viatu. Akaja mwalimu mmoja kutoka Lushoto kumposa, mtu mpole, mwenye nyumba yake. Alimtaka Zamda lakini hakumtaka mtoto. Zamda akamrudishia barua yake. Naye Hemedi akawa bubu. Cherehani ilifanya kazi, lakini maneno yalikauka, na watu wakaacha kuja barazani. Jina la Bustani ya Nyota halikutajwa tena nyumbani humo.

Hidaya alikuwa na miaka mitano walipokwenda Dar, yeye na Zamda, kwenye harusi ya binamu. Hemedi alibaki na kazi zake. Jumapili asubuhi, kabla ya safari ya kurudi, Zamda alimvalisha mtoto gauni lake la harusi akampeleka Bustani ya Nyota. Hakumwambia mtu. Kama angeulizwa sababu, angesema kwamba saba bado ilikuwa mbali, na alikwisha kuona jinsi saba inavyoweza isifike. Ilikuwepo na sababu nyingine, ile ya kuambiwa hujui, lakini hiyo asingeisema.

Alfajiri ile alikuwa amemsuka Hidaya mabutu mawili marefu ya juu. Walipofika kwa twiga, kijana wa langoni akainama akapima, akacheka.

"Mama, huyu amefika kwa nywele."

"Na nywele si zake?" Zamda akamjibu.

Kijana akafungua geti.

Zamda hakuwa amewahi kupanda kitu kinachozunguka. Kikombe kilipoanza, alimkumbatia mtoto tumboni kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukakamata ukingo, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Hidaya akacheka. Alivyocheka, Zamda naye akacheka, akasoma huku anacheka, mpaka aya zikamchanganyikia akaanza upya. Waliposhuka alikwenda kutapika nyuma ya kibanda cha soda. Aliporudi mtoto alikuwa akimsubiri pale pale, mikono juu.

"Mama, tena!"

Hidaya alikuwa amefundishwa kumwita mama mdogo. Siku hiyo hakusema mdogo, na Zamda hakumsahihisha. Walipanda mara tatu.

Waliporudi Muheza, Hemedi alikuwa barazani. Mtoto alimkimbilia. "Baba, nilipanda kikombe! Nilizunguka, nilizunguka na mama!"

Hemedi akasimama na nguo ya mtu mkononi. Zamda alikuwa kwenye ngazi, begi kichwani. Alimwona shemeji yake akimtazama mtoto, kisha akaona uso wa Hemedi ukilegea kwa namna ambayo hakuwa ameiona kwa miaka miwili.

"Ndiyo," Hemedi akasema. "Ulipanda na mama yako. Alikupakata, wewe ukacheka. Unakumbuka!"

Zamda alifungua mdomo. Hemedi alikwisha kukaa, amempakata mtoto, na maneno yalikuwa yanamtoka, yale maneno ya zamani. Alimsimulia jinsi Mashavu alivyovaa, jinsi alivyoamua, jinsi alivyowashinda wote. Akamweka Mashavu ndani ya kikombe, akamzungusha. Zamda akaliteremsha begi, akapita ndani kuinjika chai. Mpaka leo hajui kama Hemedi alikosea kweli au alitaka kukosea. Hakumuuliza.

Tangu siku hiyo Hemedi alipona. Watu walirudi barazani. Kila Hidaya alipoumwa, kila Idi, kila aliposhindwa mtihani, baba yake alimsimulia kikombe. Zamda aliyasikia masimulizi hayo akiwa jikoni, akiwa uani, akiwa anamsuka mtoto huyo huyo nywele.

Miaka ikaenda. Hidaya akawa msichana wa miaka ishirini na mbili, akaposwa na kijana wa Pangani, fundi wa majokofu. Washenga wakaja, wakakaa ukumbini, mambo yakaenda vizuri mpaka wakafika kwenye mkaja. Mkaja, kwa wale msiojua, ni fungu la mama wa bibi harusi. Ni shukrani ya tumbo lililombeba na mgongo uliombeba.

Mshenga mkubwa akauliza kwa adabu, "Hili fungu tumkabidhi nani?"

Mjomba wa Hidaya akasema, "Si mama yake mdogo? Nani mwingine?"

Zamda alikuwa ukumbini na sinia la vikombe vya chai. Hakuwa amepata kujifikiria kuwa mtu wa kupewa mkaja, lakini aliposikia mjomba amesema, alijikuta ameshusha macho kama wanavyofanya mama wa bibi harusi.

Hidaya akaomba ruhusa ya kusema. "Mjomba, naomba mniwie radhi. Mama mdogo nampenda, na nguo yake nzuri nitamtafutia mwenyewe. Lakini mkaja ni wa mama yangu. Sina kitu chake. Sikumbuki sura yake wala chakula chake. Nakumbuka siku moja tu ya maisha yake, na hiyo naikumbuka kweli, si ya kusimuliwa. Tuko kwenye kikombe tunazunguka, amenishika tumboni, anasoma Ayatul Kursi huku anacheka. Alikuwa mgonjwa, na bado alinipeleka. Kila ninapoogopa nausikia mkono wake hapa." Akajigusa tumboni. "Naomba mkaja utolewe sadaka kwa jina lake."

Watu walisema masha-Allah. Wengine walifuta machozi. Hemedi aliinua kichwa ghafla, akamtazama Zamda. Katika miaka kumi na saba ya kusimulia, hakuwahi kutaja Ayatul Kursi.

Zamda akatoka na sinia, chai haijanywewa. Hemedi akamfuata ukumbi wa nyuma.

"Shemeji," akasema, na mwenye maneno alikuwa akiyatafuta. "Kumbe ni wewe."

"Twiga alimkataa, shemeji. Ulikuwepo. Hukumbuki?"

"Nilikumbuka. Halafu nikaacha kukumbuka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Usimnyang'anye mama yake. Nakuomba. Hana kingine."

"Na mimi nina nini?"

Hemedi akasema kwa taabu, "Ukiamua kusema, sitakukanusha. Lakini mimi mwenyewe siwezi."

Zamda aliweka sinia chini. Alimfikiria dada yake kwenye lile benchi, saa mbili, akitazama watoto wa watu. Alifikiria kwamba Mashavu hakupata kumshika mwanawe ndani ya kikombe hata mara moja, ila alipata hapa, kwenye kichwa cha Hidaya. Kumwambia Hidaya ukweli ni kumshusha dada yake tena, kumrudisha kwenye benchi. Halafu akayafikiria yale mabutu mawili, surua, barua ya mwalimu wa Lushoto, na neno lile la mkekani. Akaona hasira yake si ndogo, na aibu yake kwa hasira hiyo si ndogo vilevile.

"Mama mdogo!" Hidaya akaita kutoka ukumbini. "Wageni wanakusubiri. Wanasema hawawezi kumaliza bila wewe."

Zamda akaingia, akakaa kwenye mkeka. Mshenga mkubwa, mtu wa heshima, akamgeukia yeye kwanza kabla ya wanaume.

"Mama, tumesikia ya binti. Lakini wewe ndiye uliyekaa naye. Una la kusema juu ya mkaja huu?"

Hidaya anamtazama kwa uso wa mapenzi. Hemedi amesimama mlangoni, ameinamisha kichwa.

Hapo ndipo ninapowaachia. Sasa pimeni. Mashavu alisema mitatu, na bila yeye Bustani ya Nyota isingetajwa katika nyumba ile. Alikwenda huku anakufa, mtoto akalala, na hakubakiwa na kitu. Hemedi alisema saba, na bila maneno yake siku ile ingefutika, maana mambo ya umri ule husahaulika yasiposimuliwa. Aliitunza miaka kumi na saba, lakini aliitunza kwa jina lisilo lake. Zamda hakusema umri wowote. Alimpeleka akiwa na mitano, umri wa kukumbuka mkono na kusahau mwenye mkono.

Mkaja ni mmoja, haugawanyiki. Wewe msikilizaji, ukiwa umekaa mahali pa Zamda, mshenga anakungoja na mtoto uliyemlea anakutazama hivyo, je, ungejibu nini? Na mkaja ungeamua uwe wa nani?