Nyumba ya Mzee Kangero Iliyosifiwa Mlangoni

Mmekaa?

— Tumekaa!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Basi yafungueni, maana leo bibi yenu sina maneno ya asali.

Zamani, zamani ile ya nyuma ya zamani, milima ya Upare ikiwa bado inagombania nani akae wapi, na ukungu ukitaka kuingia kijijini unapiga hodi kwanza kama mgeni mwenye adabu, palikuwa na kijiji kinaitwa Ndolwe. Na Ndolwe palikuwa na nyumba. Si kibanda, nyumba! Msingi wa mawe, mlango wa mvule, paa la nyasi limeshuka mpaka mabegani, mfereji wa maji unapita nyuma. Nyumba ya mzee Kangero hiyo. Na mzee Kangero alikuwa na watoto wawili: Senkondo, wa kiume, na Nakijwa, wa kike.

Senkondo alishuka pwani angali kijana, akasema anakwenda kutafuta. Akatafuta, akatafuta, akatafuta mpaka akapotea yeye. Baba akaugua, Senkondo hayupo. Mama akapofuka, Senkondo hayupo. Paa likavuja, ukuta ukapasuka, Senkondo yuko pwani anatafuta. Nani aliwalisha wazee makande, punje kwa punje? Nakijwa. Nani alikataa wachumba mpaka wachumba wenyewe wakachoka kuja? Nakijwa. Nani aliwafumba macho wote wawili? Msinijibu. Mnajua.

Matanga yakaisha. Majivu ya moto wa msiba hayajapoa, huyooo, Senkondo kapanda mlima! Kanzu nyeupe, fimbo mkononi. Nyuma yake tajiri mmoja wa pwani aliyekuwa akitafuta mahali pa kuepuka joto, na nyuma ya tajiri dalali, jina lake Msellem, mwenye mdomo unaotangulia miguu.

Hata pole Senkondo hakusema. "Dada," alisema, "kusanya vyungu vyako. Nyumba inauzwa."

"Nyumba ninayoishi, kaka?"

"Nyumba ya baba. Wewe mtoto wa kike. Nyumba yako iko kwa mumeo."

"Mume yupi?"

"Hilo si kosa langu."

Hilo si kosa langu! Mmemsikia? Mwenzake amewauguza wazazi wao mpaka nywele zimeota mvi, yeye anamjibu kama karani anayefunga dirisha. Kaka yenu yuko ndani humo na digrii yake, kazi hana, muulizeni ni maofisa wangapi wamemjibu hivyo hivyo. Sentensi ile ile! Watu wa namna hii hawafi, wanabadilisha kanzu tu.

Nakijwa akakimbia kwa mzee Mshitu, mkubwa wa kijiji. Akamkuta amejifunga shuka mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana.

"Mwanangu," mzee akasema, macho chini, "mila ni mila. Mwanamume ndiye anayeuza."

"Na hiyo shuka, baba, umeipata wapi?"

Mzee Mshitu akakohoa. Akakohoa tena. Kikohozi kilimjia ghafla, maskini!

"Lakini," akasema alipomaliza kukohoa, "na kaka yako hawezi kuruka mila. Lazima aisifu mlangoni."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye mfupa. Ndolwe hakuna mtu aliyejenga peke yake. Ukijenga, wote wanakuja msaragambo, kazi ya pamoja: huyu kabeba jiwe, huyu kakata boriti, huyu kakanyaga udongo. Kwa hiyo anayeuza nyumba husimama mlangoni mbele ya kijiji, aisifu sehemu moja moja. Kila akisifu, watu humuuliza: "Mkono wa nani?" Naye hutaja aliyeifanya kazi ile, na mwenye mkono akisema "Nimeachilia," sehemu hiyo inauzika. Na je, ukimnyima mtu mkono wake, ukampa mwingine? Hapo mwenye kazi ana ruhusa ya kuchukua kazi yake na kwenda nayo. Fulu stopu.

Senkondo alikuwa amesahau. Tena si kusahau tu, alidharau. "Mimi nisimame nisifu nyumba kama naimbia mwali? Msellem, sema wewe, ndiyo kazi yako. Wakiuliza mkono wa nani, sema wangu. Mnunuzi hapendi kusikia majina mengi."

Kijiji kikakusanyika. Msellem akapanda kizingitini, akajifuta midomo.

"Mashallah, mashallah! Watazameni mlango huu! Mvule mtupu, wallahi, sultani mwenyewe angeuonea wivu!"

"Mkono wa nani?" watu wakauliza.

"Wa Bwana Senkondo!"

Mzee mmoja fundi, Kiondo, akainuka polepole. "Mlango nilichonga mimi, mwaka ule wa nzige." Akaung'oa kwenye bawaba zake, akauweka kichwani, akaenda zake.

Tajiri akakunja uso. Msellem akamwona, lakini mdomo wa biashara haurudi nyuma.

"Mlango si hoja! Tazameni paa! Mvua ya masika inateleza kama maji mgongoni mwa bata!"

"Mkono wa nani?"

"Wa Bwana Senkondo!"

Vijana wale wale walioezeka paa masika yaliyopita, Nakijwa akiwapikia, wakapanda juu. Nyasi zikashuka, mafungu kwa mafungu. Jua likaingia ndani, likaona vyungu vya Nakijwa vimepangwa vizuri, likaona kitanda cha mama yake kimetandikwa.

Nakijwa akalia kwa sauti. Hapana, msicheke! Nyinyi mnaona mchezo. Yeye anaona nyumba yake inavuliwa nguo mchana. "Jamani," akawaambia, "mnamkomoa yeye au mnanikomoa mimi?"

Mpaka hapo bado walikuwa wanatetea mikono yao, si ya kwake.

"Na maji!" Msellem alikuwa anatokwa na jasho sasa. "Maji yanakuja yenyewe mpaka uani, ahsan kabisa!"

"Mkono wa nani?"

"Wa... wa Bwana Senkondo."

Wanawake wa Ndolwe wakapandisha majembe begani, wakaenda juu, wakaugeuza mfereji. Maji yakakata.

"Na kuta," Msellem akanong'ona, "kuta nyororo..."

"Mkono wa nani?"

Msellem akageuka. Akamtazama Senkondo. Hapo Nakijwa akasogea mbele, mikono yake ina rangi ya udongo mpaka kwenye kucha.

"Mlitoa mlango, mlitoa nyasi, mlitoa maji," aliwaambia wanakijiji. "Mimi ukuta wangu siutoi. Kila mwaka nimeukandika, nimeulainisha kwa viganja hivi. Anayetaka kuuza nyumba auze nikiwa nimeushikilia." Akaegemea ukuta, akakaa chini.

Tajiri, ambaye hakuwa mjinga, akageuka. "Bwana Senkondo. Nakuuliza mimi sasa. Humu ndani, wewe ulifanya nini?"

Senkondo akaingia chumba hiki, akatoka. Akaingia kile, akatoka. Akainama, akapapasa, akachungulia. Kanzu ikawa na masizi. Mwishowe tukasikia, maana bibi yangu alikuwepo akamsimulia mama yangu, tukasikia sauti ya furaha ikitoka stoo:

"Hili hapa! Tundu hili! Tundu hili nilitoboa mimi!"

"Kweli," Nakijwa akasema bila kuinuka. "Alilitoboa akiwa mdogo, aibe maziwa ya mgando ya mama bila kupita mlangoni."

Mzee Mshitu akasimama. Shuka mpya akaivua, akaitupa miguuni mwa Senkondo, akabaki na kaniki yake kuukuu. "Tundu hili, mkono wa nani?"

"Wa Senkondo!" kijiji kizima.

"Nani anapinga?"

"Hakuna!"

"Basi tundu ni lako, mwanangu. Muuzie mgeni."

Tajiri alikuwa amekwisha shuka nusu ya mlima. Msellem alimpita njiani.

Wanakijiji wakarudisha mlango. Wakaezeka paa. Wakarudisha maji. Nakijwa akaishi humo mpaka uzee wake. Tundu halikuzibwa, mali ya mtu haiguswi.

Mnapiga makofi? Acheni! Mimi bado nina hasira. Kwa nini ilibidi mlango ung'olewe ndipo watu wamwone Nakijwa? Alikuwepo! Kila siku alikuwepo, na tope lake mikononi, na kijiji kizima kilipita kikimwamkia! Nyinyi mkikua, mkiona mtu anafanya kazi, semeni palepale ni mkono wa nani. Msingoje dalali aje. Na ukiambiwa jasho lako lina jina la mwingine, usikohoe.

Kisa nimekitua hapa chini, kichwa changu chepesi. Nani anakibeba?

— Tumekibeba sisi!

Msikidondoshe njiani.