Push, Shove na Kabichi za Shekiondo

Mkokoteni wa Rashidi Shekiondo (si Shekyondo, kama wengi wanavyoandika) ulikwama kwenye mlima wa Soni ukiwa umejaa kabichi, na lori la kwenda Dar es Salaam lilikuwa juu kileleni, injini ikinguruma tayari kuondoka. Aliponiomba nimsaidie, nilimwonyesha suti yangu.

"Haya, Mwalimu. Ila mwanangu anabisha kuwa 'push' na 'shove' ni kitu kimoja."

"Mwongo," nilisema, nikashika mkokoteni kwa nyuma. "'Push' ni kusukuma taratibu, hivi. 'Shove' ni kwa nguvu ya ghafla, hivi."

"Na 'heave'?"

"Hiyo ni kusukuma kwa nguvu zote, huanzia begani."

Neno la sita lilitufikisha kwenye lori.

"Mwambie mwanao asome kwa bidii," nilisema nikihema.

"Mwanangu yupi, Mwalimu? Hata kuoa sijaoa."