Batizo Mbili za Mheshimiwa Ortwin

Huko Ujerumani, enzi Wakristo walipouana kwa sababu ya maji ya ubatizo, mfumaji Veit Krummel alikamatwa. Alihubiri kwamba mtoto mchanga hajui lolote, kwa hiyo abatizwe akishakua. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa upya ukubwani.

Hakimu Ortwin, aliyepewa kazi na mjomba wake bila hata intavyuu, hakutaka maneno mengi.

"Aliyebatizwa mara mbili anatoswa mtoni. Kesi imekwisha."

"Na sheria hiyo inachagua mtu, mheshimiwa?"

"Haichagui. Tajiri, maskini, wote mtoni."

"Fea kabisa. Basi iandike hivyo, upige na muhuri."

Hakimu akacheka, akaandika, akapiga muhuri. "Umeridhika, fundi?"

"Nimeridhika. Naomba tu kumuaga Bibi Apollonia, mkunga aliyetuzalisha sote mjini hapa."

Bibi akaletwa.

"Shikamoo, bibi," Veit akasema. "Hivi huyu mheshimiwa alizaliwaje?"

"Marahaba. Huyu? Alitoka mlegevu kama soksi iliyolowa. Nikajua anakufa, nikambatiza palepale kwenye beseni, kama kanisa linavyoturuhusu wakunga. Wiki mbili baadaye mama yake akataka sherehe, padri akambatiza tena."

Watu wote barazani wakageuka kuutazama mto.

"Ile ya kwanza haihesabiki," hakimu akasema, jasho likimtoka. "Nilikuwa mchanga, sikujua lolote."

"Ndiyo mahubiri yangu hayo," Veit akasema, akinyoosha mikono afunguliwe kamba.