Ubao wa Langoni

Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wahenga. Nyuzilandi haina nyoka hata mmoja, na labda ndiyo maana wakubwa wa huko hawakuona methali hii inawahusu nini. Lakini si lazima nyoka awe na magamba. Nyoka wa Pokeno, mji mdogo wa huko, alikuwa tundu.

Tundu lenyewe lilikuwa ghorofani, katika nyumba namba kumi na saba, nyumba ambayo bado ilikuwa mifupa mitupu ya mbao, haina paa wala kuta. Liliachwa kwa ajili ya ngazi itakayokuja. Upana wake ulikuwa kama wa mlango, na chini yake, mita tatu kasoro, zege lilingoja na vichwa vya nondo vimesimama kama meno ya papa. Plaiwudi iliyolifunika ilichukuliwa na watu wa zege. Waliitandika matopeni toroli zao zipite, na tope likaimeza.

Ihaia Tuhoro, fundi seremala wa miaka sitini na miwili, aliliona Jumatatu asubuhi. Akafanya kama walivyofundishwa: akatoa simu, akapiga picha, akaituma. Kampuni ilikuwa imewawekea mafundi wote programu ya usalama simuni. Hatari ikiripotiwa, huwaka alama nyekundu. Ikiondolewa, msimamizi huigeuza kijani. Msimamizi wao, Darryl Stubbs, alikuwa na nyumba sita za kuangalia kwa wakati mmoja, na zote aliziangalia akiwa kwake ufukweni, kilomita mia moja kutoka pale, miguu juu ya meza. Kabla Ihaia hajarudisha simu mfukoni, nyekundu ikawa kijani.

"Lo! Huyu bwana ana mkono mrefu," Ihaia alisema peke yake, akilitazama tundu lililokuwa wazi vilevile.

Akafunga kamba ya manjano kulizunguka. Upepo ukaibeba. Jumanne akapiga picha tena, mara mbili. Kijani, na tena kijani. Ndipo akapiga simu.

"Mzee, mbona unanijazia simu?" Darryl aliuliza.

"Tundu bado liko wazi, bosi. Plaiwudi zimo kwenye kontena, na kontena lina kufuli."

"Ufunguo ninao mimi. Nitapita Alhamisi. Halafu kwenye mfumo pameshafungwa, wasiwasi wa nini?"

"Kwani watu wanatembea kwenye mfumo?"

"Wewe umeripoti, si ndiyo? Basi wewe uko salama."

Ihaia akakata simu.

Jumatano alifika mapema mno, kama kawaida yake. Mgane hana wa kumchelewesha mezani. Ukungu wa mto Waikato ulikuwa umepanda ukafunika kila kitu, mpaka nyumba namba kumi na saba ikawa kama inaelea. Akaketi ndani ya pikapu yake, akajimiminia chai, na kabla hajainywa usingizi ukamchukua.

Akamwona Merania, mkewe. Alikuwa anatembea peku juu ya boriti za ghorofani, amevaa gauni lake la kanisani, birika mkononi. Ukungu ulikuwa ukimwagika kutoka kwenye birika lile kama maziwa, pole pole, bila kwisha. Hakuangalia anakokanyaga. Alikuwa akimwangalia yeye tu.

"Umewaambia?" aliuliza.

"Nimewaambia mara tatu, Mera."

"Na habari zangu, uliwaambia mara ngapi?"

"Kila siku. Kila asubuhi niliwapigia simu hospitalini. Wakaniambia jina lako limo kwenye orodha ya wanaongoja."

"Wakakuambia." Aliinama, akamimina ukungu ndani ya tundu, na tundu halikujaa. "Na hospitali ilikuwa mbali kiasi gani, mume wangu?"

Ilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili, kwa pikapu hii hii.

Alizinduka. Chai ilikuwa imepoa. Wale wa hospitali hakuwa amewasamehe, na hakuwasamehe asubuhi ile pia. Walistahili lawama yote. Lakini alitoa simu mfukoni, akaitazama, kisha akaiweka juu ya kiti, akashuka bila nayo.

Alitafuta kipande cha plaiwudi kila mahali, asipate. Akarudi langoni, akasimama, na pale pale akaanza kucheka. Mbele yake ulisimama ubao wa kampuni, plaiwudi nzima iliyopakwa rangi nyeupe. Uliandikwa USALAMA KWANZA, na chini yake KILA MTU ARUDI NYUMBANI, jina la Darryl, na kile kimraba cha madoadoa ambacho kila anayeingia hukipiga picha kwa simu ili jina lake liandikwe. Ulishikwa na skrubu nne tu.

Kuupandisha juu kulimvunja mgongo. Aliulaza juu ya tundu, maandishi yakitazama mbinguni, akaupigilia misumari pande zote.

Alikuwa bado anateremka aliposikia sauti ya Falaniko, fundi Msamoa mwenye mabega kama kabati, aliyekuwa matangani tangu Jumatatu.

"Mjomba! Ubao wa langoni uko wapi? Umeunywea chai?"

"Uko juu. Ngoja nikwambie..."

"Utaniambia baadaye, boriti nzito hii!"

Alikwisha kupanda upande wa pili na binamu yake Peniamina, boriti mikononi, Falaniko akitembea kinyumenyume. Simu yake ilikuwa imemwonyesha kijani kitupu. Ukungu ulijaa katikati ya nguzo. Kutoka chini Ihaia aliona kisigino cha buti tu, kikirudi nyuma, kikirudi nyuma, hadi mahali pale.

Ndu!

Ubao ulilia kama ngoma. Falaniko akasimama, akatazama katikati ya miguu yake, akasoma. Kisha akaona, kwenye upenyo kando ya ubao, nondo kule chini. Boriti ikashushwa taratibu kama mtoto mchanga.

"Mjomba."

"Naam."

"Simu ilisema hapa pamefungwa tangu Jumatatu."

"Pamefungwa leo, saa moja kasorobo."

Falaniko akajifuta uso. "Mke wangu kamzika mama yake jana. Angenizika na mimi wiki hii hii, wallahi angeniua!"

Walicheka mpaka machozi, na machozi ya Falaniko yakaendelea baada ya kicheko kwisha.

Saa nne Darryl alitokea, gari limejaa mchanga wa ufukweni. Tundu halikumtoa kwake; orodha ndiyo iliyomtoa. Mfumo ulionyesha kwamba namba kumi na saba haina hata mtu mmoja aliyeingia, na wenye kampuni walikuwa wameanza kuuliza.

"Nani kaniibia ubao wangu?"

"Uko juu, bosi," alisema Falaniko. "Na wewe hujajiandikisha. Sheria ni sheria."

Darryl alipanda ngazi ya mafundi kwa mara ya kwanza tangu msingi ulipochimbwa. Alipiga magoti, akaelekeza simu kwenye kimraba, na jicho lake likapita kwenye upenyo ule. Akakaa vile mpaka simu ikazima mwanga wake.

"Nani alilifunga hili?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wewe, bosi," Ihaia alijibu. "Simu inasema ulilifunga Jumatatu, saa nne na dakika kumi."

Darryl alitoa ufunguo wa kontena, akaukabidhi bila kumtazama mtu.

Wiki iliyofuata Ihaia aliletewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya kampuni. Wakubwa ni wakubwa. Aliikunja mara nne, akaiweka chini ya kikombe cha chai, ikamfaa. Lakini siku ile ya ukungu, jioni, Falaniko alirudi nyumbani kwa miguu yake miwili, kama ubao ulivyosema, kwa sababu mzee mmoja aliweka simu kitini akashika nyundo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.